Sala ya Gloire, Alhamisi Mchana

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua imenyesha tangu adhuhuri, ile ya polepole inayogeuza njia zetu za Bunia kuwa uji mwekundu, na sasa imekatika. Watoto wako nje wanatafuta madimbwi. Mimi nimekaa barazani karibu na cherehani, simu mkononi. Nimechoka, lakini ni uchovu wa mtu aliyelia vizuri.

Siku nne sijaandika hapa. Sikuwa na la kujisifia.

Kwa anayesoma ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni Mama Gloire, fundi wa kushona. Mume wangu anauza vipuri vya pikipiki sokoni. Tuna watoto watatu. Gloire ana miaka saba, Héritier mitano, na Bénie ndiyo kwanza ameanza kutembea. Tulitoka Butembo tukahamia Bunia kabla Gloire hajazaliwa. Jumapili asubuhi nafundisha ekodimu kanisani kwetu, ile shule ya Jumapili ya watoto. Kiswahili ninachoandika ni cha vitabu, kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika. Watoto na majirani wangu wanasema Kiswahili cha Bunia, na maneno yao nitayaacha jinsi yalivyotoka.

Ninaeleza haya ili ijulikane ni nani anayeungama.

Alhamisi mchana Gloire alirudi shuleni na njaa ya kutisha. Nilikuwa nimepika bugali na maharagwe. Zamu ya kuombea chakula ilikuwa yake. Nyumbani kwetu kila mtoto ana zamu, hata Bénie, ambaye sala yake yote ni "Amina" mara sita. Gloire alifumba macho akabana mikono kifuani, kama ninavyowafundisha, akasema:

"Yesu, aksanti juu ya bugali na maharagi. Bariki Mama na Papa na Héritier na Bénie. Upatie chakula bote benye habana. Lakini ba kwabo Furaha usibapatie. Amina."

Héritier akajibu Amina akaanza kula.

Mimi tonge lilibaki mkononi.

Furaha ni mtoto wa nyuma ya uzio wetu. Ana umri mmoja na Gloire, darasa lao ni moja, na kila Jumapili hukaa mstari wa mbele katika ekodimu yangu. Yeye na mama yake walifika mwaka jana wakikimbia kijiji chao upande wa Kilo. Mama yake anauza makaa pembeni ya barabara. Ni mama mkimya, mwenye salamu fupi. Kabila lao sitaliandika. Nimelitaja vya kutosha kwa mdomo, na vibaya.

Nikamuuliza Gloire, "Juu ya nini unaomba vile?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesahau somo.

"Si weye ulisema? Ulisemaka na Mama Dieumerci. Ulisema bale batu Mungu abanyime chakula, bao na batoto yabo, juu baliua Tonton Muhindo."

Nilitamani kusema sikusema. Lakini nilisema.

Mama Dieumerci ni rafiki yangu, naye ni fundi. Siku zenye kazi nyingi huleta cherehani yake barazani kwangu tukashona pamoja. Wiki mbili zilizopita zilikuja habari mbaya za mauaji barabarani, zile tunazozipokea huku mara kwa mara, na mimi nikaanza. Nilikuwa nakata kola za sare za shule, mkasi unakwenda, na mdomo unakwenda. Nilisema maneno hayo aliyoyarudia Gloire, na mengine zaidi ambayo namshukuru Mungu hakuyakamata. Mtoto alikuwa chini, karibu na miguu yangu, anakusanya vipande vya kitambaa amshonee mwanasesere wake. Nilidhani anacheza.

Muhindo, huyo Tonton au mjomba wa watoto, alikuwa mdogo wangu, wa tumbo moja, anayenifuata mimi. Alibeba mizigo kwa pikipiki kati ya Komanda na Bunia: maharagwe, vitunguu, samaki wa chumvi. Miaka mitatu iliyopita watu wenye silaha walisimamisha pikipiki tatu njiani, na yake ilikuwa ya pili. Ni nani hasa waliofanya, hakuna aliyetuambia kwa uhakika. Watu walisema ni wale. Nami nilihitaji watu wa kuwachukia, basi nikachukua wale nilioambiwa, wote, wakubwa na wadogo, pamoja na mama anayeuza makaa ambaye siku ile alikuwa kijijini kwake mbali kabisa na barabara hiyo.

Hayo sikuyapanga hivyo kichwani. Chuki haikai chini ikafikiri. Ilikaa tu ndani yangu, na mimi nikaendelea kuimba kanisani.

Mchana ule wa Alhamisi nilimhubiria Gloire. Nilimwambia Yesu anapenda watu wote, tusiombe mabaya, tumeelewana? Akasema ndiyo, Mama. Kisha akauliza kama Yesu anampenda na yule aliyemuua Tonton Muhindo. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Mume wangu aliporudi kutoka sokoni nilimweleza. Ni mtu wa maneno machache. Alinawa mikono, akakaa, akasema, "Hiyo hakuisoma ku ekodimu." Afadhali angenigombeza.

Ijumaa asubuhi mwalimu wao, metrese kama wanavyomwita watoto, alinitumia ujumbe nifike kabla ya saa ya kutoka. Nilifika nikiwa bado na uzi kwenye nguo. Alinipeleka kando, chini ya paa la ofisi, akaniambia kwa upole kilichotokea Jumatano. Aliwabadilisha watoto viti, na Gloire akawekwa benchi moja na Furaha. Gloire akakataa kukaa. Alisimama mbele ya darasa zima akasema, "Sikaaki na mutoto ya bauaji. Ninyi muliua Tonton yangu." Furaha hakulia. Alikusanya daftari zake, akatoka nje, akaenda nyumbani peke yake. Alhamisi hakuja shule. Ijumaa pia hakuja.

"Mama Gloire," alisema metrese, "mie sikumupiga mutoto. Nilijiuliza amesikia wapi."

Alijua jibu. Nami nilijua kwamba anajua. Tukatazama uwanja.

Tulirudi nyumbani mimi na Gloire. Njia nzima hasira ilikuwa inapanda, na nilijiambia ni hasira ya haki. Nilipofika barazani nikavua kandambili moja, nikamwambia anyooshe mkono. Yeye si mtoto wa kukimbia. Alinyoosha mkono. Akaniuliza, bila ujeuri wowote, kama mtu anayetaka kujua utaratibu:

"Mama, na weye, nani atakupiga?"

Nimelelewa na wazazi wema, wacha Mungu, na sikumbuki hata siku moja mmoja wao aliyeniambia mimi mtoto, nimekosa. Mzazi hakosei mbele ya mtoto. Akikosea, siku ile unapewa kipande kikubwa cha nyama, na wewe unaelewa. Ndivyo nilivyojua malezi. Nilisimama pale na kandambili mkononi.

Nikaivaa.

Nikakaa chini kwenye saruji, nikamkalisha mbele yangu. Nikamwambia, "Mama alikosa. Yale maneno yalikuwa yangu. Weye uliyaokota tu ku mudomo yangu. Ba kwabo Furaha habakumuua Tonton. Mama alisema bongo juu roho ilikuwa inamuuma."

Akafikiri. Bongo kwetu ni uongo. "Bongo? Weye?"

"Ndiyo. Mie."

"Na Mungu alisikia?"

"Alisikia."

Nilitegemea atalia, au atanikumbatia kama watoto wa kwenye vitabu. Hakufanya hata kimoja. Aliondoka akaenda kumweleza Héritier, kwa sauti ya kutosha majirani wote, kwamba Mama alisema bongo na Mungu alisikia. Héritier akaja mbio kunitazama usoni, kuona kama kuna kitu kimebadilika.

Jumamosi nilishindwa kutayarisha somo. Lilikuwa la mikate mitano na samaki wawili, somo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watoto wote wa Bunia wanajua samaki mkavu na wanajua njaa. Nimelifundisha mara nyingi. Safari hii kila nilipofika mahali pa kusema kwamba umati wote ulikula ukashiba, nilisikia ile sala. Usibapatie.

Nilifikiria kumpigia kiongozi wa ekodimu nimwambie naumwa. Nilishika simu kabisa. Kisha nikaona huo ungekuwa uongo wa pili, na Gloire alikuwa amekaa palepale.

Leo asubuhi nikaenda. Mstari wa mbele ulikuwa na pengo. Furaha ndiye anayeanzisha nyimbo zetu. Ana sauti nyembamba isiyoogopa kitu, na wengine humfuata hata akipotea. Bila yeye tuliimba kama watu wanaosukuma gari. Nilifundisha somo. Nilipofika kwenye kushiba nikamwona Gloire, katika benchi lake, ananitazama bila kupepesa. Nikasema, "Wote walikula. Yesu hakuuliza mtu ametoka kijiji gani." Kisha nikajifanya nakohoa.

Baada ya ibada nilimwambia mume wangu atangulie na wadogo. Nikamshika Gloire mkono tukazunguka uzio.

Sikuwa nimewahi kuingia katika lupango, ule ua wa Mama Furaha. Mwaka mzima, uzio wa mianzi tu kati yetu, na sikuwahi. Ni nyumba ndogo ya udongo, uwanja umefagiliwa, magunia ya makaa yamefunikwa turubai. Mama Furaha alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua sombe, majani ya muhogo. Alituona, akaitikia salamu, akaendelea kuchambua. Hakusema karibu. Hakutafuta kiti.

Nikasema nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho, yakaniponyoka yote. Nilisema tu, "Mama Furaha, mutoto wangu alimutukana wako ku shule. Lakini yale maneno ni mie nilimufundisha. Nimekuja kuomba musamaha. Mie kwanza, kisha yeye."

Gloire akasema pole akiangalia viatu vyake.

Mama Furaha aliweka majani kwenye beseni. Aliniangalia, na mara ile ndiyo kwanza niliona kwamba ni mdogo kuliko mimi. Labda kwa miaka mitano.

"Mama Gloire," alisema, "mie nilishaka sikia. Si ku shule. Ni hapa. Weye na ule mwenzako mukishonaka, munasemaka kwa nguvu juu mashini inapiga kelele. Huu uzio ni mianzi. Yote inapita."

Nikamuuliza:

"Tangu lini?"

"Tangu tulifika."

Mwaka mzima. Mwaka mzima amenisikia, na kila Jumapili amemwosha mtoto wake, akampaka mafuta, akamvalisha lile gauni la njano, akamleta kwangu nimfundishe habari za Mungu. Nikamuuliza kwa nini. Nilitaka kujua. Kwa nini umlete kwangu?

Alifuta mikono kwenye kitenge.

"Kanisa ni ya karibu. Na mutoto anapenda nyimbo. Na weye unafundishaka muzuri, hiyo sitasema bongo." Akaongeza: "Nilisema, nitamunyima mutoto Yesu juu ya mudomo ya mutu moja?"

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kama angesema kwa hasira.

Kwenye mlango wa nyumba pazia lilitikisika. Furaha alikuwa nyuma yake. Tuliona vidole vya miguu. Mama yake akamwita. Vidole vikaingia ndani.

"Mumuache," alisema Mama Furaha. "Bamama tunaweza kusema pardo tukamaliza. Yeye bado. Akitaka, atakuja. Asipotaka, sitamusukuma."

Nikasema ni haki yake. Tukaaga. Njiani Gloire aliniuliza kama sasa imeisha. Nikasema sijui. Akaniuliza mbona Furaha hakutoka wakati sisi tumesema pole. Nikamwambia kwamba pole tunaipeleka tu, na mwenye kuumizwa ndiye anayejua lini ataipokea. Alitembea hatua nyingi. Kisha akasema, "Hata mie ningejificha."

Hilo ndilo neno la kwanza la wiki hii lililonipa tumaini juu ya mtoto wangu.

Tulikula. Mvua ikaanza. Bénie akalala, mume wangu akalala, na mimi nikakaa barazani nikitazama maji yanavyochimba mfereji mbele ya nyumba. Sikuwa nategemea kitu. Niliamini nimefanya lililo langu, na kwamba kuanzia sasa tutasalimiana kwa heshima na baridi, na pengine nilistahili hivyo.

Saa tisa hivi, mvua bado inanyesha, nikaona watu wawili wanazunguka uzio wamejifunika turubai moja. Mama Furaha mbele, Furaha nyuma. Mama alikuwa na mfuko wa makaa kichwani. Mtoto alikuwa amekumbatia termosi ya chai kwa mikono yote miwili.

Niliinuka. Mama Furaha akashusha makaa ukutani, akavua viatu. Nikamvutia kiti. Alikipita. Akakaa chini kwenye mkeka, miguu kando, kitenge kimefungwa kiunoni na kingine kichwani, jinsi wanawake wanavyokaa msibani.

"Nimekuja ku kilio," alisema.

Sikumwelewa. Nikauliza kilio cha nani, nani amekufa.

"Ya ndugu yako. Wakati alikufa sikukuwa hapa. Siye tuko majirani, na sijalia na weye juu yake. Nimekuja sasa."

Ndugu msomaji, sijui kwenu mnafanyaje. Kwetu mtu akifiwa, jirani huja na kuni au makaa, hukaa chini na wafiwa, wala haondoki haraka. Hulia nao. Muhindo alipokufa watu walijaa, nakumbuka, moto uliwaka siku nne. Kisha wakarudi makwao, kama inavyopasa, na tangu hapo hakuna aliyekuja tena kukaa chini kwa ajili yake. Mama Furaha alikuja baada ya miaka mitatu, kwenye mvua, na makaa yake ya kuuza. Alikuja kwa mtu aliyemwombea mtoto wake njaa.

Nikashuka kitini nikakaa mkekani karibu naye.

"Jina yake nani?" aliuliza.

"Muhindo."

"Alikuwa mutu ya ginsi gani?"

Nikafungua mdomo kumwambia barabara, na pikipiki tatu, na yake ya pili. Ndiyo habari ninayoitoa siku zote. Ndipo nikatambua kwamba hakuuliza hilo. Miaka mitatu watu wameniuliza alikufaje, wapi, na ni nani. Hakuna aliyeniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nami pia nilikuwa nimeacha kujiuliza.

Nililia kwanza. Nililia vibaya, kwa sauti, mpaka mume wangu akatoka chumbani na Bénie begani. Alipomwona Mama Furaha chini na makaa ukutani alivua kofia, akakaa kwenye kizingiti.

Kisha nikasimulia. Kwamba Muhindo alikula akiwa amesimama, mama yetu akamgombeza mpaka akachoka. Kwamba alipiga mluzi wakati wote na hakujua kuupatanisha hata wimbo mmoja. Kwamba aliogopa bata. Mwanaume mzima, anapita barabara zile, anaogopa bata wa jirani. Kwamba Gloire alipokuwa mdogo alimweka mbele kwenye tangi la pikipiki, injini imezimwa, akaisukuma kuzunguka nyumba huku akimwita Shefu, yaani mkubwa wake, na Gloire akimwamuru kushoto, kulia.

"Mie?" alisema Gloire. Alikuwa amesogea mpaka kwenye mkeka. "Mie nilikuwa Shefu?"

"Weye."

Hakuwa anakumbuka. Jambo hili linaniuma ninapoliandika. Mtoto wangu alijua jinsi mjomba wake alivyouawa, alijua wa kumchukia kwa ajili yake, na hakujua kwamba huyo mjomba alimwita yeye Shefu. Hicho ndicho nilichomrithisha.

Furaha alikuwa amekaa nyuma ya mgongo wa mama yake, bado na termosi. Niliposimulia habari za bata alijificha uso, lakini mabega yalitikisika. Aliuliza taratibu, akimwuliza mama yake wala si mimi, "Bata ilimukimbiza?" Nikajibu ndiyo, mpaka juu ya ukuta. Akacheka waziwazi, kisha akakumbuka kwamba hatujapatana akaacha.

Tulikunywa chai. Gloire aliingia ndani, akaleta kikombe kile kizuri, cha wageni, chenye maua. Mama Furaha akakijaza. Gloire alikichukua akampelekea Furaha kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, kama tunavyompa mtu mzima. Hakuna aliyemtuma. Furaha aliangalia kikombe muda mrefu. Akakipokea, akanywa. Hakusema aksanti, na Gloire hakungoja.

Nikamuuliza Mama Furaha juu ya mume wake, juu ya kijiji chao, kwa sababu niliona aibu kusema peke yangu. Akatikisa kichwa.

"Yangu nitakuambia siku ingine. Leo ni ya Muhindo."

Kabla ya kuondoka tuliomba. Aliomba yeye, si mwalimu wa ekodimu. Aliomba kwa lugha yao, ile ambayo kwa miaka mitatu nikiisikia sokoni mwili ulikuwa unanisisimka. Sikuelewa neno hata moja isipokuwa jina la ndugu yangu, ambalo alilitaja mara mbili, na alilitamka vizuri.

Walipoondoka mvua ilikuwa inapungua. Makaa aliyaacha.

Sasa nimeandika yote. Mume wangu amesoma juu ya bega langu, akaniuliza kama kweli nataka watu wa kanisa wajue. Nimemwambia majina ya majirani nimeyabadilisha, langu nimeliacha. Kesho Mama Dieumerci anakuja na cherehani yake. Nitamwambia kabla hajasoma. Nafikiri atakasirika. Yeye naye ana wake aliowazika.

Sitaki kudanganya hapa kwamba nimesamehe. Mtu yule aliyekuwa barabarani na bunduki, sijui hata uso wake, na nikimfikiria bado meno yanagusana. Nimeacha tu kumchukia kupitia watu wengine. Ni kidogo. Nimemwambia Mungu ni kidogo, na kwamba kingine anisaidie, kwa sababu peke yangu siwezi. Nilidhani kuwalea watoto katika imani ni somo la Jumapili, nyimbo, zamu za sala mezani. Yote hayo nayafanya, sitayaacha. Lakini wao wamekaa chini karibu na miguu yangu wiki nzima, wanaokota kila kinachoanguka.

Gloire ameniita sasa hivi kutoka uwanjani. Anataka kujua kama Tonton Muhindo aliogopa na bata wadogo, au wakubwa tu. Nimemjibu wote.

Habari mbaya nyingine itakuja. Naishi Ituri, mkoa wetu huu wa vita, sijidanganyi. Itakuja kwa simu, au kwa jirani, nikiwa na mkasi mkononi, na watoto watatu watainua vichwa wanitazame mdomo.

Siku hiyo nitasema nini?